Oldeani: Volkano Iliyozimika na Watu wa Baray

Wanaoandika juu ya milima mitakatifu ya kaskazini mwa Tanzania hukimbilia Oldonyo Lengai. Lengai ina kila wanachokitafuta: bado ni hai, ililipuka kwa nguvu mwaka 2007 na 2008, na Wamasai huiheshimu kama mlima wa Enkai, Mungu wao. Oldeani, kusini mwa kasoko ya Ngorongoro, ni volkano iliyozimika zamani sana, yenye kimo cha karibu mita 3,200, iliyovikwa msitu na mianzi. Hoja ya makala hii ni kwamba mtu akiupima mlima huu kwa kigezo cha Lengai ataambulia patupu. Inafaa autazame kutoka Baray, chini kabisa, kando ya Ziwa Eyasi.

Tuanze na Wahadzabe, wawindaji na wenyeji wa kale wa bonde la Eyasi. Ludwig Kohl-Larsen, aliyechimbua pango la Mumba bondeni humo katika miaka ya 1930, alikusanya pia ngano zao. Katika simulizi zao za asili, binadamu wa kwanza walishuka duniani kwa shina la mbuyu au kwa shingo ya twiga, hawakutoka kileleni. Ibada yao nzito, ngoma ya epeme, huchezwa kambini, usiku usio na mwezi, moto ukiwa umezimwa. Hapo hakuna madhabahu ya mlimani, na mtafiti aliyekwenda na dhana yake tayari mfukoni atasema hakuna utakatifu.

Wadatoga, wafugaji wa bonde hilo, nao wana njia yao. Mzee mwenye heshima huzikwa kwa bung'eda, kaburi linaloinuliwa kuwa kichuguu kwa miezi mingi mbele ya koo zilizoalikwa. Kabla ya kuondolewa na Wamasai katika karne ya 19, waliishi hata ndani ya kasoko ya Ngorongoro. Kwa hiyo nyanda zile za juu kwao ni nchi ya mababa, na madai ya namna hiyo hayahitaji volkano inayofuka moshi.

Kinachowaunganisha wote na mlima ni maji. Mawingu ya mashariki huishia kwenye msitu wa juu. Baray imebaki katika kivuli cha mvua, mbele ya ziwa la magadi ambalo miaka mingine hukauka. Lakini mvua inayonyonywa na miamba ya volkano hutokeza tena chini, kwenye chemchemi za Qangded na Mang'ola. Vitunguu maarufu vya Mang'ola hulimwa kwa maji hayo. Mashamba yalipopanuka na pampu kuongezeka, mfugaji na mwindaji walisukumwa mbali na chemchemi, jambo ambalo mnunuzi wa vitunguu sokoni halioni kabisa.

Sheria imeugawa mlima vipande viwili. Msitu wa juu umo ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa mwaka 1959. Chemchemi ziko nje yake, chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Kati. Mgawanyo huo unafaa kwa mafaili, haufai kwa maji. Mamlaka hizo mbili ziketi meza moja na wazee wa Kihadzabe na Kidatoga, nao wapewe sauti katika ugawaji wa maji, si kualikwa kucheza ngoma siku ya ufunguzi.