Nani Aliibeba Miti ya Amani?

Barabara ya kutoka Muheza kwenda Amani hupanda kwa kona nyingi. Unaliacha joto la tambarare na kuingia kwenye ukungu wa Usambara ya Mashariki, karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari. Ukifika, okota jani la mti wa kafuri, lifikiche viganjani, kisha linuse. Harufu inayopanda puani ni ile ile ya dawa ya kuchua kifua mtoto akiwa na mafua.

Mti huo si wa hapa. Asili yake ni Asia ya Mashariki. Katika bustani hiyo hiyo kuna mikwinini, ambayo asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, na kuna mikaratusi ya Australia. Kila mti wa aina hiyo ulianza safari ukiwa mbegu au mche, ukavuka bahari, kisha ukapandishwa mlimani na mtu.

Mtu gani? Nikijiuliza swali hilo hukumbuka ukuta mmoja ulioko Misri, wenye umri wa miaka ipatayo 3,500.

Safari ya Punt

Upande wa magharibi wa mto Nile, ng'ambo ya mji wa Luxor, chini ya jabali la Deir el-Bahari, kuna hekalu la Hatshepsut. Huyu ni mwanamke aliyetawala Misri kwa cheo kamili cha firauni, takriban mwaka 1479 hadi 1458 K.K. Katika mwaka wa tisa wa utawala wake alituma msafara kwenda nchi iliyoitwa Punt, na mafundi wake wakaichonga safari hiyo ukutani hatua kwa hatua.

Zinaonekana merikebu tano. Zinaonekana nyumba za watu wa Punt, zimejengwa juu ya nguzo na hupandwa kwa ngazi. Mtawala wa Punt, Parahu, amesimama pamoja na mkewe Ati, na majina yao yameandikwa. Hata samaki wa Bahari ya Shamu wamechongwa chini ya merikebu kwa uangalifu mkubwa, kiasi kwamba wataalamu wa leo wameweza kuzitambua aina zao.

Shehena nayo imeorodheshwa: dhahabu, pembe za ndovu, ngozi za chui, nyani, utomvu wa manukato, na mbao nyeusi ambazo Wamisri waliziita kwa jina lililozaa neno la Kizungu la mpingo. Mbao hizo zilitoka kwenye mti ule ule tunaoujua sisi, *Dalbergia melanoxylon*, unaoota kuanzia Eritrea hadi kusini mwa Afrika na ambao wachongaji wa Tanzania wameupatia sifa duniani. Mpingo ulitumika pia kwenye samani zilizokutwa mwaka 1922 katika kaburi la Tutankhamun.

Wapo wanaotamani kusema Punt ilikuwa huku kwetu, na tamaa hiyo inaeleweka. Lakini ushahidi unaelekea kwingine. Uchunguzi wa kikemia wa mabaki ya nyani waliokaushwa na Wamisri, uliotangazwa mwaka 2020, unaelekeza kwenye eneo la Eritrea, Ethiopia na Somalia. Hatuhitaji kujipachika ndani ya hadithi ya Punt ili ituhusu.

Inatuhusu kwa jambo jingine. Pamoja na shehena hiyo, Hatshepsut aliletewa miti hai 31 ya manukato ili ipandwe kwa heshima ya mungu Amun. Ni miongoni mwa kumbukumbu za kale kabisa za watu kung'oa miti katika nchi moja na kwenda kuipanda katika nchi nyingine. Ukutani mti unaonekana ukiwa ndani ya kapu, mizizi imefichwa na udongo wake, kapu limening'inizwa kwenye mpiko, na wanaume wameuweka mpiko mabegani. Yeyote aliyewahi kuhamisha mche wa kahawa ataielewa picha hiyo bila kuelezwa: ukiutoa mche bila udongo wake, huenda umeuua.

Parahu anatajwa kwa jina. Ati anatajwa. Nehesi, mtumishi mkuu aliyekabidhiwa msafara, anatajwa. Wale wenye mpiko mabegani hawana majina.

Miche 62

Sasa turudi Tanga. Mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Ilipitia Hamburg kabla ya kuteremka pwani ya Afrika Mashariki. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, mara mbili kamili ya miti ya Hatshepsut, nayo ilipandwa Kikokwe karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo 62 yalitokea mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa wa mkonge duniani, na kuwavuta vibarua kutoka pande zote za nchi na hata nje yake.

Milimani nako majaribio yalikuwa yanaanza. Mwaka 1896 Wajerumani walifungua kituo cha kujaribia mazao Kwai, upande wa Lushoto. Mwaka 1902 wakaanzisha Taasisi ya Biolojia na Kilimo ya Amani, ikiongozwa kwanza na Franz Stuhlmann na baadaye Albrecht Zimmermann. Kahawa, mpira, kwinini, kafuri, viungo na mbao za kila namna vilijaribiwa kwenye miteremko yake. Reli nyembamba ikajengwa kutoka Tengeni hadi Sigi ili kuufikia msitu.

Waingereza walipochukua nchi, kazi iliendelea. Mtaalamu wa mimea Peter Greenway, aliyekuwa Amani, alitoa kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili ambayo hadi leo haijapoteza thamani yake. Mwaka 1950 hazina ya mimea iliyokaushwa ikahamishiwa Nairobi. Mwaka 1997 msitu wenyewe ukatangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani.

Safari hizi hazikuwa za upande mmoja. Mwaka 1892, Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, alipeleka kwao ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye unyevu ya Usambara. Leo ua hilo hupamba madirisha ya nyumba kote Ulaya na Marekani, na jina la Kilatini ambalo wanasayansi walilipa lilitokana na jina la mtawala huyo. Usambara, lilikochumwa, limo hatarini kwa sababu msitu wake umekatwa.

Wala si kila mgeni aliyepandwa Amani alikuwa mgeni mwema. *Maesopsis eminii*, mti wa Afrika ya Kati na Magharibi unaokua haraka, ulipandwa kuziba mapengo ya magogo yaliyovunwa. Hondohondo walipenda matunda yake, wakazisambaza mbegu, na mti ukaingia ndani ya msitu wa asili na kuwabana wenyeji waliokuwapo tangu kale.

Seba aliyeumwa na nge

Ukisoma historia ya Amani, majina yanayojirudia ni hayo niliyoyataja: Hindorf, Stuhlmann, Zimmermann, Greenway. Sina ugomvi na kutajwa kwao, maana kazi yao ilikuwa kubwa. Lakini hakuna hata mmoja aliyepandisha miche yote hiyo mlimani kwa kichwa chake. Waliochimba mashimo, waliomwagilia vitalu, waliofyeka njia na kuwaonyesha wageni mti upi unaitwaje walikuwa Wasambaa, Wabondei na wengine waliofuata kazi. Na si wote waliokuja kwa hiari. Mwaka 1907 wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, iliwekewa utaratibu wa kadi uliomlazimu mwanamume kumfanyia kazi mwajiri wa Kizungu siku 30 katika kila miezi minne.

Mtu anaweza kusema ndivyo ilivyo kila mahali, kwamba historia huwakumbuka wakubwa tu. Misri yenyewe inamkanusha. Si mbali na Deir el-Bahari, zaidi ya karne mbili baada ya Hatshepsut, waliishi mafundi wa makaburi ya wafalme katika kijiji cha Deir el-Medina. Makarani wao waliandika kwenye vipande vya mawe ya chokaa. Kimoja, ambacho kiko London, ni daftari la mahudhurio ya kazini la mwaka wa 40 wa utawala wa Ramesses II. Kina majina ya wafanyakazi 40 na siku 280. Seba hakufika kazini kwa sababu aliumwa na nge. Huynefer alikuwa anaumwa jicho. Pendua alikuwa akinywa pombe na Khonsu.

Karani aliyeandika hayo alitaka tu kujua nani kaja na nani hakuja. Bila kukusudia, aliwapa watu 40 uhai ambao mafirauni wengi, pamoja na dhahabu zao, hawakuupata. Tunamjua Seba kuliko tunavyowajua wabeba mpiko wote wa Hatshepsut.

Amani nako kuna kumbukumbu ya namna hiyo, ila haiko kwenye jiwe. Imo kwenye majina. Kuna kijiji kiitwacho Mikwinini, na jina hilo halikutolewa na gavana yeyote. Ni la watu walioishi na kufanya kazi kati ya miti hiyo hadi mahali pote pakaitwa kwayo. Imo pia ndani ya kamusi ya Greenway, maana kila jina la mti lililoandikwa humo lilianza kinywani mwa mtu aliyeujua mti huo kabla ya yule aliyeshika kalamu.

Kwa hiyo ombi langu ni la kazi ndogo. Walimu wa shule za Muheza, Korogwe na Lushoto, wapeni wanafunzi daftari. Waende kwa babu na bibi zao wakaulize: nani alifanya kazi Amani, alipanda nini, alilipwa nini, mti ule uliitwaje Kisambaa kabla haujaitwa Kilatini? Waandike jina, kijiji na mwaka. Kila mzee anapozikwa, ukurasa mmoja wa daftari hilo hufukiwa naye.

Hatshepsut aliletewa miti 31, na hakuna hata mmoja ulio hai leo. Miti ya Amani ingali hai. Inayokufa ni kumbukumbu ya mikono iliyoipanda, na hiyo bado tunaweza kuiwahi.