Kona ya kusomea: ngoma, msahafu na kalamu

Kumfundisha mtoto nyumbani si mtindo wa juzi hapa visiwani.

Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, alizaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, ameeleza chuo chao cha nyumbani: ukumbi ulio wazi, mkeka na mwalimu. Wote walisoma Qur'ani, lakini kuandika walifundishwa wavulana tu. Salme akachukua mfupa wa bega la ngamia, uliotumika kama ubao, akawa ananakili herufi za msahafu kwa siri mpaka akajua kuandika.

Ngoma nayo ilikuwa darasa. Wadogo walicheza ukuti, wakishikana mikono na kuzunguka pamoja, huku wakijifunza kusikiliza na kufuatana. Wasichana waliovunja ungo walifundwa unyagoni. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alisifika kwa kazi hiyo.

Basi bibi zetu walipewa ngoma, wakapewa na msahafu. Kalamu ndiyo waliyocheleweshewa: skuli ya kwanza ya serikali ya wasichana Zanzibar ilifunguliwa mwaka 1927.

Sisi mafundi cherehani tunajua, vipande vya nguo havivaliki mpaka viunganishwe. Tutenge kona moja nyumbani: mkeka, rehali, ubao, na nafasi ya watoto kuruka na kucheza. Na kalamu aishike binti kama kaka yake, mchana kweupe.