Watumishi 45 na Jina Moja Kwenye Kaunta Buku

Jumatatu ya tarehe 11 Aprili 2016 nilikuwa nimekaa chini ya feni mbovu, kwenye chumba kidogo cha TEHAMA cha halmashauri moja ya ukanda wa dhahabu, nasubiri printa ipoe. Printa yetu ilikuwa na tabia ya kumeza karatasi ikishafika kurasa arobaini hivi. Redio ya mlinzi, pale nje ya dirisha, ndiyo iliyotupa habari: Rais John Magufuli ametengua uteuzi wa Mkuu wa Mkoa wa Shinyanga, Anne Kilango Malecela. Mkoa wake ulikuwa umesema hauna mtumishi hewa hata mmoja. Timu iliyotumwa kuhakiki ikawakuta 45, na kazi ilikuwa bado haijaisha. Katibu Tawala wa Mkoa naye akaondolewa siku hiyo hiyo.

Bosi wangu akaacha kuandika. Yeye alikuwa Afisa TEHAMA Daraja la II, yaani ngazi ya kuanzia kwa mhitimu wa shahada. Mimi nilikuwa chini yake tena, mhitimu wa kujitolea, nalipwa nauli pale hela ikipatikana. Akatazama rundo la karatasi mbele yangu, akasema taratibu, "Hebu rudia kuhesabu."

Nimekuwa mwandishi wa habari kwa miaka kadhaa sasa, na nimesoma mengi yaliyoandikwa kuhusu siku ile. Karibu yote yanamhusu aliyetumbuliwa na aliyemtumbua. Leo nataka kuandika kuhusu karatasi zenyewe, na watu wadogo waliozishika.

Kwanza tukumbushane. Mtumishi hewa ni jina linalolipwa mshahara wa serikali bila mtu kufanya kazi. Inaweza kuwa mwalimu aliyefariki na jina lake halikutolewa. Inaweza kuwa mstaafu, aliyeacha kazi, au mtu ambaye hakuwahi kuwepo. Wizi ulikuwa wa kweli, hilo sitaki kulipaka rangi. Kila jina la namna hiyo lilikuwa na akaunti benki, na kuna mkono uliokuwa unaitoa hiyo hela. Alipowaapisha wakuu wa mikoa tarehe 15 Machi 2016, Magufuli aliwapa siku 15 kulisafisha jambo hilo. Ndani ya miezi michache serikali ilikuwa inataja zaidi ya majina 10,000 nchi nzima.

Sasa jiulize, msomaji, hesabu ya mkoa inapatikanaje kwa siku 15? Mkuu wa shule anaandika orodha ya walimu wake kwa mkono. Anampelekea mratibu elimu kata. Mratibu anapeleka idarani. Idara inaleta kwa afisa utumishi, na afisa utumishi anamwita kijana wa kompyuta. Kijana anaingiza majina kwenye Excel, anayalinganisha na orodha ya mishahara kwa kutumia cheki namba. Matokeo yanapanda kwa mkurugenzi, halafu mkoani. Kila ngazi ina haraka, na kila ngazi inaogopa kuwa ya kwanza kusema "tunao". Sifuri ndiyo jibu rahisi kuliko yote. Mkuu wa mkoa aliyeteuliwa wiki chache tu nyuma anapokea namba iliyopita mikononi mwa watu wengi, na hakuna hata mmoja wao anayekubali kwamba ni yake.

Kwetu kulikuwa na ugumu wa ziada. Machi 2012 Mkoa wa Geita ulizaliwa rasmi, ukachukua Bukombe kutoka Shinyanga. Bariadi, Maswa na Meatu zikaenda Simiyu. Kahama nayo ikagawanywa, zikapatikana Msalala na Ushetu. Kwenye ramani ni mistari tu. Kwenye masijala ni maelfu ya mafaili yanayohama kwa lori na majina yanayotakiwa kuhama kwenye mfumo. Mfumo wa utumishi na mishahara wa wakati ule, ambao wengi waliuita Lawson kwa jina la programu yake, haukujua habari za lori. Nilimkuta mtumishi ambaye faili lake liko kwenye ofisi mpya, jina lake la mshahara liko ya zamani, na mwenyewe anafundisha kijijini, hana habari kwamba yuko sehemu mbili.

Halafu kuna dhahabu. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, Buzwagi 2009. Pembeni yake kuna wachimbaji wadogo, Nyarugusu na kwingineko, ambako rashi ikitokea watu huacha jembe shambani. Wengine waliacha chaki. Kwenye orodha yangu palikuwa na mwalimu ambaye mkuu wake wa shule aliandika mbele ya jina, kwa kalamu nyekundu: "Yuko duarani." Alikuwa hajaandika barua ya kuacha kazi. Mshahara ulikuwa unaingia. Je, huyo ni hewa? Kwa sheria ni mtoro. Kwa Excel yangu kulikuwa na safu mbili tu: yupo, hayupo.

Watu hupenda kusema matatizo haya yaliletwa na kompyuta. Wengine husema yangekwisha kama kompyuta zingekuwepo mapema. Historia yetu inawakatalia wote wawili. Kompyuta ya kwanza ya serikali Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, miaka minne tu baada ya uhuru. Ilitarajiwa ishike hesabu za Hazina. Ikaja kubwa zaidi, wataalamu wake wakiwa wageni, na hesabu zikavurugika kiasi kwamba ilibidi kurudi kwenye vitabu vya mkono. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Wengi hucheka wakisikia hili. Mimi sicheki sana. Nchi ilikuwa na uhaba wa fedha za kigeni, na ilikuwa imegundua jambo ambalo mimi nililigundua miaka 42 baadaye: mashine haisahihishi karatasi mbovu, inaiharakisha tu. Marufuku ilikuja kulegea miaka ya 80. Wakala ya Serikali Mtandao ikaanzishwa 2012, na mwaka 2019 sheria ikaigeuza kuwa Mamlaka. Kati ya kompyuta ile ya 1965 na mimi kulikuwa na vizazi vya makarani waliobeba serikali kwenye daftari.

Hapa wapenzi wa fasihi mnaweza kunisaidia. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha wa serikali ya kikoloni kuanzia 1926. Tunamsoma kama mshairi na kusahau kwamba miaka mingi ya maisha yake ilikwenda kwenye kazi ya kuandika namba za watu wengine. Na Nikolai Gogol, Mrusi, mwaka 1842 alichapisha riwaya kuhusu bwana anayezunguka vijijini akinunua wakulima waliokufa. Urusi ya wakati ule watwana walihesabiwa mara moja baada ya miaka mingi. Aliyekufa katikati alibaki hai kwenye daftari, na bwana wake aliendelea kumlipia kodi mpaka hesabu nyingine ifike. Yule mjanja akaona biashara: akusanye marehemu walio hai kwenye karatasi, awaweke rehani apate mkopo. Nilipokisoma kitabu hicho, miaka mitatu baada ya kuondoka halmashauri, nilishindwa kucheka mahali ambapo wengine hucheka. Nilikuwa nawajua wale watu. Nilikuwa nimewachapa kwa printa inayomeza karatasi.

Lakini Gogol aliandika kuhusu waliokufa wanaohesabiwa hai. Kilichonitoa mimi kwenye kazi ile ni kinyume chake.

Baada ya Aprili 11 hakuna ofisi iliyotaka kusema sifuri. Hofu iligeuka upande. Kabla ya hapo ukikuta jina lina shaka, uliliacha. Sasa ukikuta lina shaka, ulilipaka nyekundu. Kuna zahanati moja mbali kabisa, mtandao wa simu hadi upande kichuguu. Fomu yao ya uhakiki haikufika kwa wakati. Nilipiga simu mara mbili, haikupatikana. Saa mbili usiku, umeme ukikatika na kurudi, nikapaka nyekundu majina mawili ya zahanati ile na kutuma faili. Nakumbuka nilijisikia vizuri. Nilikuwa nimemaliza kazi.

Mwezi wa tatu baadaye alikuja muuguzi. Alipanda bodaboda, halafu Hiace, na mama yake alikuwa naye amembeba mtoto mchanga mgongoni. "Mwangaluka," bibi akatusalimia, akaketi kwenye benchi kama mtu aliyejiandaa kukaa siku nzima. Muuguzi alikuwa likizo ya uzazi wakati wa uhakiki. Mshahara wake ulisimama. Alikuwa amezunguka ofisi tatu, na kila ofisi ilimwambia neno moja: mfumo.

Na mimi nikamwambia hivyo hivyo. "Dada, ni mfumo."

Akanitazama. Hakupandisha sauti. "Mdogo wangu, kwa hiyo mimi ndiyo hewa?" Akamgeukia mama yake, akamwonyesha mtoto. "Na huyu je?"

Mfumo haukuwa umefanya kitu. Ni mimi, saa mbili usiku, na rangi ya nyekundu. Bosi alijua, maana nilimtazama naye akatazama chini. Tungeweza kumwambia ukweli. Tulimjazia fomu nyingine badala yake. Alipomaliza kusaini alivuta kaunta buku ya wageni iliyokuwa mezani, akaniwekea mbele. "Andika jina langu hapa. Andika na tarehe, kwamba nilikuja na ulinikuta niko hai." Nikaandika, yeye akisoma kila herufi. Mshahara wake ulirudi, lakini si mwezi ule wala uliofuata.

Nimeitafuta historia ya Shinyanga ili nione kama kuna mahali pa kuiweka siku ile, na nimepapata mahali nisipotarajia. Mwaka 1976, mikoa ya Shinyanga na Mwanza, watu waliokamatwa katika msako wa mauaji yaliyohusishwa na imani za uchawi waliteswa mikononi mwa vyombo vya dola, na baadhi wakafa. Mwanzoni mwa 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, akajiuzulu. Yeye hakumtesa mtu. Alisema kwa kitendo kwamba yaliyofanywa chini ya wizara yake ni yake. Miaka minane baadaye alikuwa Rais wa nchi.

Sifananishi mauaji na mishahara. Nachofananisha ni namna uwajibikaji unavyotembea. Mwaka 1977 mtu wa juu alibeba mzigo mwenyewe. Mwaka 2016 mtu wa juu alibebeshwa, kwa tangazo, na wengi tulishangilia. Lakini mara zote mbili mzigo ulipita juu ya vichwa vyetu sisi wa chini, na sisi tukabaki na meza zetu. Kilango alirudi bungeni Januari 2017 kwa uteuzi wa Rais huyo huyo. Aprili ya mwaka huo ikatoka orodha nyingine, ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Mwaka 2022 serikali ya Rais Samia ikakubali hao walioondolewa warejeshewe michango yao ya hifadhi ya jamii. Juu, mambo hurekebishika. Yule mama wa kwenye Hiace alikopa hela ya maziwa kwa miezi ile, na hakuna tangazo lililomrudishia chochote.

Siku hizi mifumo ni mizuri zaidi, lazima niseme haki. Malipo ya serikali yanapita kwa kontro namba. Mtumishi anaiona salari slipu yake kwenye simu bila kumbembeleza mtu. Nafasi za Afisa TEHAMA Daraja la II zikitangazwa kwenye Ajira Portal, vijana wanajipanga kwa wingi, na mdogo wangu wa tumbo moja ni mmoja wao. Wiki iliyopita alinipigia kutoka Kahama kuniuliza ajiandae vipi kwa usaili. Nilimtajia mambo ya mitandao, kanzidata, usalama wa taarifa, yale yanayoulizwa.

Halafu nikamwambia anunue kaunta buku. Akacheka, "Kaka, bado mnatumia kaunta buku?" Nikamweleza ni ya nini: kila jina atakalolipaka nyekundu aliandike humo kwa mkono wake, na pembeni aandike sababu, na pembeni ya sababu aweke saini yake. Alinyamaza kidogo. Kisha akaniuliza kama mimi niliwahi kuwa nayo.

Nikamwambia ilikuwepo, ila ilikuwa ya wageni.