Deheni, Nta na Kanuni ya 53

Sisi tuliokulia pwani tunaijua deheni. Chombo kikishapandishwa mchangani, mafundi walichanganya shahamu na chokaa wakakipaka tumboni, ili wadudu watoboao mbao wasikile. Mabaharia walisema pia kwamba chombo kilichopakwa vizuri hukata maji kwa wepesi. Hakuna aliyeuliza kama inaruhusiwa.

Huku ugenini mambo ni mengine. Kijana wetu mmoja, anayeshindana kwa mashua ndogo za matanga, alituletea chupa ya dawa ya kupaka ambayo muuzaji aliisifu kuwa inapunguza msuguano. Aliinunua kwa akiba ya miezi miwili. Kwa kuwa tulisomea uhandisi, alituuliza: itanisaidia? Na ikinisaidia, nitaondolewa mashindanoni?

Swali la kwanza lilijibiwa zamani. Miaka ya 1870 mhandisi William Froude alijenga birika refu huko Torquay, Uingereza, akakokota mbao majini. Nyingine alizipaka vanishi, nyingine nta, nyingine akazibandika mchanga. Zenye mchanga zilivutwa kwa taabu. Baina ya vanishi na nta tofauti ilikuwa ndogo. Maji yanayogusa ubavu hunata hapo hapo. Ubavu ukishakuwa laini ya kutosha, utelezi wa dawa hauna la kuongeza.

Msaada wa kweli ulitoka kwingine. Mwaka 1948 B. A. Toms alieleza kuwa polima kidogo ikiyeyushwa katika kimiminika hupunguza msuguano ndani ya bomba. Baadaye watafiti wa NASA walionyesha kuwa vifereji vidogo mno, vinavyofuata mkondo, hupunguza msuguano kwa asilimia chache. Kampuni ya 3M ilivitia katika utando wa plastiki. Mwaka 1987 huko Fremantle, Australia, Stars & Stripes 87 ya Dennis Conner, ikiwa imevikwa utando huo, iliishinda Kookaburra III kwa 4-0 na kulirudisha Kombe la Amerika Marekani. Hatusemi utando peke yake ndio ulioshinda.

Kanuni ya 53 ya mashindano ya matanga inakataza yote mawili: chombo kisitoe kitu majini, kama polima, wala kisiwe na uso uliochorwa makusudi ili kubadili mwendo wa maji yanayougusa. Tena kila aina ya mashua ina kanuni zake. Za Laser, kwa mfano, zinakataza kusugua na kupaka upya kwa nia ya kuongeza mbio.

Basi tazameni: kinachosaidia kimekatazwa, na kinachoruhusiwa hakizidi usafi. Tunaona ni haki. Bila hivyo, vijana wangeshindana kwa mifuko ya wazazi wao.

Muuzaji alikataa kurudisha fedha. Jumamosi iliyofuata kijana alikuja na sabuni na sifongo, nasi tukakunja mikono ya mashati.