Kisiwa ni cha nani? Tumesoma Shakespeare hapa Nakivale

Juzi mwenzetu mmoja alirudi kutoka Mbarara na kitabu kikuukuu cha Shakespeare, The Tempest, yaani Dhoruba. Tulidhani ni mambo ya wazungu tu. Kumbe ni habari ya wakimbizi!

Prospero, mtawala wa Milan, anapinduliwa na ndugu yake mwenyewe. Anatupwa baharini kwenye mashua mbovu pamoja na binti yake Miranda, ambaye hata miaka 3 hajatimiza. Wanafika kisiwani. Caliban anawaonyesha maji ya kunywa na udongo mzuri. Miaka 12 baadaye Prospero ndiye bosi, na Caliban anambebea kuni kama mtumwa.

Tamthilia hii ilichezwa mbele ya Mfalme James wa Uingereza mwaka 1611, na hadi leo wasomi wanaibishania. Wengine wanatafuta chimbuko lake: wanataja meli Sea Venture, iliyovunjika Bermuda mwaka 1609 ikielekea Virginia. Wengine wanaisoma pamoja na tamthilia nyingine za mwisho za Shakespeare, kama The Winter's Tale, ambamo watu waliopotezana wanakutana tena na kusameheana. Hizo wanaziita romansi, ingawa kitabu cha mwaka 1623 kiliiweka Dhoruba kati ya vichekesho.

Halafu wapo wanaoisoma kama habari ya ukoloni. George Lamming wa Barbados alimwandika Caliban hivyo mwaka 1960. Aimé Césaire wa Martinique aliiandika upya tamthilia nzima mwaka 1969. Hapa kwetu, Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma Makerere, ana ofisa Mwingereza ndani ya riwaya A Grain of Wheat ya 1967 anayetaka kuandika kitabu kuhusu Prospero katika Afrika.

Sasa sisi tuko wapi? Wengi wetu tulisema haraka: sisi ni Prospero, tulifukuzwa na mtoto mgongoni. Dada mmoja akatukatiza: "Prospero alimsahau aliyemwonyesha maji. Sisi je, wenyeji wa Isingiro tunawakumbuka, au tunawataja tu wakati wa ugomvi wa mashamba?" Tukanyamaza. Yeye huyo akasema pia tusimfanye Caliban malaika: alitaka kumbaka Miranda, na wala hakani.

Lakini kilichotugusa zaidi ni hiki. Mama yake Caliban, Sycorax, naye alifukuzwa kwao Algiers akiwa na mimba. Yaani Caliban ni mtoto wa mkimbizi, aliyezaliwa palepale kisiwani. Anasema kisiwa ni chake kwa sababu ya mama yake.

Nakivale inapokea wakimbizi tangu miaka ya mwisho ya 1950. Wapo waliozaliwa hapa, wakazaa hapa, na bado ukiwauliza kwao ni wapi, wanataja nchi ambayo hawajawahi kuiona.

Wewe uliyezaliwa hapa, unajibuje? Tuandikie. Jumamosi tunaendelea kusoma, njoo hata kama Kiingereza kinakusumbua. Tutatafsiriana.