Uwezo wa Kifaa: Neno la Kuuliza Kabla ya Kuchora

Kwenye maduka ya simu ya Kariakoo, Mtaa wa Aggrey na mitaa inayoukata, simu moja huzungumzwa kwa maneno mawili. Muuzaji hutaja sifa: kioo kikubwa, kamera tatu, chaji inakaa. Mnunuzi mzoefu huuliza uwezo: inacheza gemu bila kuganda? Ramani inafunguka? Sifa zimeandikwa kwenye boksi. Uwezo hujulikana simu ikishawashwa na kupewa kazi. Natamani tofauti hiyo iingie kwenye istilahi za uchoraji wa kompyuta, kwa sababu huko neno moja la Kiingereza, feature, limebebeshwa mizigo mitatu, na mfasiri mwenye haraka huihamisha yote mitatu kwa neno moja la Kiswahili.

Maktaba ya uchoraji ni msimbo ulioandikwa mara moja ili programu nyingi ziutumie kuchora: gemu, ramani, picha za majengo, hata vitufe vya simu yenyewe. Programu huagiza mstari huu uchorwe na rangi hii ipakwe, maktaba hulipeleka agizo kwa draiva, yaani programu inayoiendesha chipu, na draiva kwa chipu ya michoro. Shida ni kwamba chipu haziko sawa. Kwenye basi moja la mwendokasi linalotoka Magomeni Mapipa kwenda Gerezani, mifukoni mwa abiria mna Mali za ARM, Adreno za Qualcomm na PowerVR za Imagination, za miaka tofauti na zenye draiva za matoleo tofauti. Moja hukokotoa desimali za biti 32 katika kila hatua. Nyingine hushuka hadi biti 16 inapofika kwenye kupaka pikseli rangi. Moja hufungua picha zilizobanwa kwa mtindo wa ASTC. Nyingine hujua ETC1 tu, mtindo usioweza kuhifadhi sehemu ya picha iliyo wazi kama kioo. Mwandishi wa maktaba anatakiwa azihudumie zote, na programu iliyo juu yake isijue kwamba kuna vurugu huko chini.

Sasa tuiite nini hiyo hali ya chipu moja kuweza jambo na nyingine kutoliweza?

Kutohoa kunashindikana mapema. Feature ikiandikwa kwa matamshi yetu inakuwa "ficha", na hilo tayari ni kitenzi chetu chenye maana inayokaribia kuwa kinyume: maktaba ingekuwa inasema inaficha kile inachokitangaza. "Sifa" inaeleweka, lakini imeshachukuliwa na muuzaji. Ni maelezo yanayotolewa na mtu mwingine kuhusu kifaa, nayo hubeba harufu ya kusifia. "Kipengele" ni neno zuri ambalo tayari lina kazi. Mtu akisema WhatsApp imeleta kipengele kipya, anazungumzia kitu ambacho programu inampa mtumiaji. Likibaki hapo litatusaidia. Kipengele ni cha programu. Cha kifaa ni uwezo. Kipengele cha kuonyesha majengo yamesimama kwenye ramani kinategemea uwezo wa kifaa wa kuchora hivi na vile. Ukiyaita yote mawili vipengele, sentensi hiyo haiandikiki.

Ndiyo maana napendekeza "uwezo wa kifaa", na wingi wake, kwa matumizi ya fani hii tu, ubaki "uwezo" pia, tukihesabu kwa kusema uwezo wa aina hii na uwezo wa aina ile. Kando yake liwekwe neno "ukomo". Uwezo hujibiwa ndiyo au hapana: je, chipu inaweza kusoma picha ndani ya hatua ya kupanga ncha, yaani kona za maumbo? Ukomo hujibiwa kwa namba: picha kubwa kuliko zote inayokubalika ina pikseli ngapi kwa upande? Waingereza wenyewe huchanganya, lakini kwenye msimbo ni mambo mawili, na makosa yake ni tofauti. Ukipuuza uwezo, kitu hakichoreki kabisa. Ukipuuza ukomo, kinachoreka kwenye simu yako na kupotea kwenye ya jirani.

Tazama kiwango cha uchoraji cha OpenGL ES 2.0 cha mwaka 2007, kilichoendesha simu nyingi za Android za bei nafuu kwa muda mrefu. Kiwango hicho kinamlazimisha mtengenezaji wa chipu kukubali picha ya pikseli 64 kwa upande, basi. Zaidi ya hapo ni hiari yake. Chipu karibu zote huzidi namba hiyo kwa mbali, ila kiwango hakiahidi. OpenGL ES 3.0 ya 2012 ilipandisha ahadi hadi 2,048 na kulazimisha mtindo wa ETC2 wa kubana picha. Kati ya namba iliyoahidiwa na namba ambayo kifaa hiki kilichopo mkononi kinaijibu, ndipo maktaba inapofanyia kazi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko kwenye bonde la Msimbazi, kati ya Magomeni na Kariakoo. Mvua ikizidi, maji hufunika Jangwani, Barabara ya Morogoro hufungwa, na pande mbili za jiji hutengana. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulianza kuchora ramani za kata zinazofurika Dar es Salaam, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu cha Ardhi wakishirikiana na wakazi, nyumba kwa nyumba, mfereji kwa mfereji, na kuziweka kwenye OpenStreetMap. Matokeo yake ni ramani iliyosongamana kuliko za miji mingi tajiri, maana nyumba zenyewe zimesongamana. Ramani hizo leo huonyeshwa kwenye simu na vivinjari kwa maktaba kama MapLibre, iliyozaliwa mwishoni mwa 2020 baada ya kampuni ya Mapbox kufunga leseni ya maktaba yake.

Maktaba ya namna hii huigawa dunia katika vigae vya mraba. Kwa ukuzaji wa ngazi ya 14, kigae kimoja hapa Dar es Salaam kina upande wa kilomita 2.4 hivi. Ndani ya kigae kila nyumba hugeuzwa kuwa ncha na pembetatu, na kila ncha hupewa namba ili pembetatu ziweze kuitaja. Namba hiyo ikikaa kwenye biti 16, mwisho wake ni 65,535. Namba za biti 32 zipo, lakini katika toleo la kwanza la WebGL, kiwango cha kuchora ndani ya kivinjari, la mwaka 2011, zilikuwa nyongeza isiyolazimishwa. Chipu ingeweza kusema haina. Nyumba ya pembe nne, ukitaka kuionyesha imesimama na kuta zake, hula ncha 20: kila ukuta ncha nne, na nne za paa. Gawanya, na baada ya nyumba 3,276 namba zimekwisha. Na hizo ni nyumba za mraba mtupu. Nyumba za Uswahilini zina vibaraza, vyumba vilivyoongezwa nyuma na kona nyingi. MapLibre haiulizi kama simu ina nyongeza ya biti 32. Huvunja kigae katika mafungu, kila fungu likianza kuhesabu upya kabla ya kuvuka 65,535. Simu ya bei ya juu inapoteza kidogo sana kwa mpango huo. Simu ya bei ya chini inachora bonde lote.

Naona huo ni uamuzi wa heshima, na ni aina ya kwanza ya kusimamia tofauti: kukaa ndani ya kile kilichoahidiwa kwa wote. Lakini si kila tofauti inakubali dawa hiyo. Desimali ni mfano mgumu. Chipu ya Mali-400, iliyotangazwa mwaka 2008, miaka mingi baadaye ilikuwa bado ndani ya simu za Android za bei nafuu zenye chipu ya MediaTek MT6580, na katika hatua ya kupaka pikseli rangi haina desimali zaidi ya biti 16. MapLibre hugawa upande wa kigae katika vipimo 8,192, yaani karibu sentimita 30 kila kipimo katika ngazi ile ya 14. Desimali ya biti 16 huhesabu namba nzima bila kuruka hadi 2,048 tu. Kati ya 4,096 na 8,192 huruka kwa nne nne. Mtu akipeleka mahali pa kitu kama palivyo hadi hatua ya rangi, nusu ya kigae itarukaruka kwa zaidi ya mita moja, upana wa kichochoro chembamba. Hapo lazima uulize. OpenGL ES 2.0 ina swali rasmi la usahihi wa desimali, na msimbo unaojali huuliza kwanza. Jibu likiwa hapana, hesabu hufanywa mapema zaidi, kwenye hatua ya kupanga ncha, ambako biti 32 zipo.

Historia ya kuuliza huko ni ndefu, nami nitaikata. Direct3D 9, njia ya Microsoft ya kuagiza michoro, mwaka 2002 ilikuwa na orodha ndefu ya biti za uwezo, na kila programu iliisoma kwa namna yake. Direct3D 10, iliyofika na Windows Vista, ikaifuta: chipu iweze yote au isijiite ya 10. Toleo la 11, mwaka 2009, likapata njia ya kati, ngazi za uwezo, mafurushi yaliyofungwa tayari ambayo programu huchagua mojawapo. Upande wa OpenGL nyongeza zilitangazwa katika mstari mmoja wa maandishi, nao ulirefuka mwaka hadi mwaka. Quake III Arena ya 1999 ilitenga nafasi ya urefu uliotosha wakati wake. Miaka baadaye, chipu zilizo bora mara nyingi zaidi ziliiangusha kwa kujibu kwa maneno mengi kuliko nafasi ile. Draiva za Mesa hadi leo zina namna ya kuficha nyongeza zilizotolewa baada ya mwaka fulani, ili gemu za zamani zipate jibu fupi.

Wapo wanaokwepa swali kwa kutazama jina: chipu ikijiita hivi, chora vile. Tanzania tuna kumbukumbu ya karibu ya tofauti kati ya utambulisho na uwezo. Mwaka 2016, kabla Mamlaka ya Mawasiliano haijazifungia simu bandia mwezi Juni, watu walibonyeza *#06#, wakatuma namba ya utambulisho iliyotokea kwenda 15090 na kujibiwa simu yao ni ya mtengenezaji gani na modeli gani. Kwa kazi ya kudhibiti simu bandia, hilo lilikuwa swali sahihi. Haliwezi kuwa swali la mchoraji, kwani jina la modeli halimwambii draiva ni toleo gani wala chipu imefungwa vipi. Jina linahitajika mahali pamoja tu: pale draiva inapojibu ndiyo na kisha kuchora makosa. Chromium hutunza orodha ya draiva zenye kasoro zinazojulikana, pamoja na namna ya kuipita kila kasoro. Orodha hiyo naiita orodha ya vighairi, na ni sahihi ikae mbali na uwezo, ili msomaji wa msimbo aone wazi kwamba hapa kifaa kiliulizwa, na pale hakikuaminiwa.

Vulkan, kiwango kingine cha uchoraji kilichotoka Februari 2016, kilileta sharti ambalo istilahi yetu inalibeba vizuri. Huko kifaa kikijibu kwamba kinaweza, bado hujaruhusiwa kutumia. Ni lazima uombe uwezo huo kwa jina unapokifungua kifaa, na usipoomba, ni kama haupo. WebGPU, ya vivinjari, iliyoingia kwenye Chrome mwaka 2023, imefuata njia hiyo hiyo na kuiongezea ukomo wa msingi: picha ya pikseli 8,192 kwa upande ndiyo utakayopata bila kuomba, hata kama chipu inaweza mara mbili yake. Kwa hiyo tunahitaji "uwezo uliopo" na "uwezo ulioombwa", na Kiswahili kinayatofautisha kwa vitenzi vya kawaida kabisa. Faida yake ni kubwa kwa anayeandikia programu kwenye kompyuta ya gharama: asichokiomba hakimdanganyi mezani, na orodha ya alichoomba inamwonyesha mapema ni simu zipi atakuwa amezifungia mlango. Vivinjari vinaruhusiwa pia kutoa majibu ya ukomo kwa makundi badala ya namba kamili, kwa sababu jibu kamili la kila swali humtambulisha mwenye simu kama alama ya kidole.

Limebaki neno moja ambalo sijaridhika nalo: jina la njia inayofuatwa uwezo ukikosekana. "Mbadala" hutumika sana, lakini hudokeza vitu viwili vinavyolingana, mtu achague. Mradi wa KiLinux wa kutafsiri programu kwa Kiswahili, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004 pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulishughulika na istilahi za kazi za ofisini, na huko haja hii haikuwa kubwa. Kwenye uchoraji ni ya kila saa: kuta zikishindikana, chora paa tupu, paa likishindikana, chora mpaka wa kiwanja. Natumia "njia ya akiba", kwa kuwa akiba huwekwa kabla ya shida, na njia hizi lazima ziandikwe na kujaribiwa mapema, kwenye simu yenyewe ya MT6580, si kwenye kompyuta inayoigiza kuwa dhaifu.