Mzimu, Simba na Mpelelezi Asiye Polisi

Hadithi ya upelelezi ya Kiswahili ilianzia mzimuni. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, Bwana Ali anakutwa ameuawa mahali ambapo watu hupaogopa, na uvumi unawahi kutoa hukumu kabla ya polisi: wazee wa kale wamekasirika. Ndipo anapoingia Bwana Msa, kiko mdomoni, rafiki yake Najum ubavuni. Anauliza maswali ya kawaida kabisa, na mwisho wake inajulikana kwamba mzimu hauna hatia. Mwenye hatia ni mtu.

Mwandishi wake, Muhammed Said Abdulla, alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Kabla ya kuingia kwenye uhariri wa magazeti alikuwa mkaguzi wa afya, kazi inayomzoeza mtu kubisha hodi kwenye nyumba za wenzake na kuona wasichotaka kionekane. Hadithi hiyo ilishinda mashindano ya East African Literature Bureau ya 1957/58, ikatoka kitabu mwaka 1960. Ikafuata Kisima cha Giningi mwaka 1968, kisha Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na nyinginezo hadi Kosa la Bwana Msa mwaka 1984.

Bwana Msa ni ndugu wa Sherlock Holmes, hilo halina ubishi. Hata hivyo, hana cheo, hana bastola, na hana haraka. Hoja zake huzaliwa barazani, katikati ya utani na mazungumzo. Damu humwagika, lakini msomaji hucheka.

Hali hiyo haikudumu. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na hewa ya mjini ikaingia. Mwaka 1974 Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona, jasusi wa kutumwa na serikali. Baadaye Ben Mtobwa akampa Joram Kiango mapigano na safari za hatari. Vijana walivisoma vitabu hivyo hadi majalada yakachanika. Ila raia wa kawaida aliyefumbua fumbo kwa akili na maneno alisukumwa pembeni.

Huko nje, raia huyo alizidi kunawiri. Agatha Christie alimpa Miss Marple, bibi wa kijijini, kazi ya kuwaumbua wauaji, na mwaka 1938 akamweka mpelelezi wake mwingine, Hercule Poirot, katika fumbo la Krismasi. Mwaka 1966 Mmarekani Lilian Jackson Braun akaongeza paka katika upelelezi. Sikukuu, mnyama wa nyumbani, mtu mdadisi: wasomaji hawajachoka na mchanganyiko huo hadi leo.

Na Singida, mkoa wa katikati ya Tanzania? Mkoa huu unalijua kwa uchungu swali la Bwana Msa: muuaji ni mzimu au ni mtu? Katika miaka ya 1940 watu waliuawa katika nchi ya Wanyaturu, miili yao ikiwa na majeraha kama ya makucha. Je, ni simba, au ni watu waliovaa ngozi ya simba kwa amri ya wachawi? Serikali ya kikoloni ilichunguza na kushitaki. A. W. Wyatt aliandika juu ya "watu-simba" hao katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1950, na mwaka 1962 mwanaanthropolojia Harold Schneider akalirudia suala lilelile katika jarida hilohilo ili kulipima upya. Huo ulikuwa msiba wa kweli, wala haufai kufanyiwa mzaha. Lakini unafundisha jambo moja: hofu hukua pale ambapo hakuna anayeuliza.

Ndiyo maana fumbo jepesi lina kazi yake, kwani hurudisha hofu kwenye kimo cha binadamu. Na Singida ina kila kitu cha kulitunga. Mwezi wa Desemba mabasi yanawashusha wana wa nyumbani kutoka Dar es Salaam. Miamba mikubwa imejaa mjini na vijijini. Maziwa ya chumvi ya Singidani na Kindai yako papo hapo mjini. Jogoo wa kienyeji wa sikukuu anatoweka usiku wa kuamkia Krismasi, ndoo ya asali nayo haionekani, na shangazi mmoja hakubali kwamba ni majini.

Pwani shangazi huyo angefuga paka. Singida, nchi ya wafugaji, atafuatana na mbwa wa kuchungia, na kama mbwa wengi wa nchi hii, huenda akaitwa Simba. Safari hii Simba atakuwa upande wa mpelelezi.

Abdulla alionyesha njia tangu 1960, na mashindano ya uandishi ndiyo yaliyomwibua. Shule, maktaba na wachapishaji wetu wayarudishe mashindano hayo mikoani, na waandishi wa Singida wapeleke kalamu zao.